Dubwana Linalia Lakini Haliendi: Kutafuta Ugonjwa wa Monsta Traki za Redio za Miaka ya 1980

Mjomba wangu alikuwa baharia. Safari moja aliporudi kutoka Japani alishuka na sanduku la kadibodi, na ndani yake mlikuwa na gari la kuendeshea rimoti lenye matairi ya ukubwa wa dafu changa. Tulilicheza mpaka likanyamaza, likapandishwa juu ya kabati, likakaa huko zaidi ya miaka ishirini likila chumvi ya hewa ya Tanga. Nilipolishusha nikiwa mtu mzima nilifanya karibu kila kosa ambalo nitakukataza hapa chini.

Magari yenyewe wengi mnayajua kwa sura. Mwaka 1986 na 1987 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka ilitoa Blackfoot, Monster Beetle, Lunch Box, Midnight Pumpkin na Clod Buster, karibu kwa mfululizo. Yalikuwa yanaigiza malori ya maonyesho ya Marekani, ukoo wa Bigfoot ya Bob Chandler, lile lililoanza kuponda magari mabovu mwaka 1981. Hapa nitayaita madubwana.

Jambo moja ulijue kabla ya kushika bisibisi: kwenye madubwana haya kelele hutokea huku, chanzo kimejificha kule. Mota ikichemka, mara nyingi kosa si la mota. Stelingi ikilegea, unaweza kubadilisha sevo (mota ndogo inayosukuma fimbo kwa amri ya rimoti) tatu na bado ikalegea. Na ukiongeza nguvu kabla hujajua chanzo, unakihamishia ugonjwa kwenye kiungo cha jirani.

Kabla ya kufungua

Skrubu za Kijapani za kichwa cha msalaba zinafuata kipimo chao, JIS. Bisibisi ya kawaida ya nyota, hata iwe mpya, haikai mpaka chini. Inapanda na kuteleza, na skrubu iliyokaza tangu 1987 inaliwa kichwa kwa mzunguko mmoja. Tafuta bisibisi ya JIS namba 2. Ukikosa madukani, waulize mafundi wa pikipiki za Kijapani, maana karabureta zao zina skrubu hizohizo.

Skrubu nyingi za madubwana zinajichimbia uzi zenyewe ndani ya plastiki. Unaporudisha skrubu, izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uisikie imedondoka kidogo kwenye uzi wake wa zamani. Hapo ndipo ukaze. Ukikaza moja kwa moja inachimba uzi mpya juu ya wa zamani, na baada ya mara tatu au nne tundu halishiki tena kitu.

Petroli na dawa ya kusafishia breki zisikaribie plastiki wala bodi. Maji ya sabuni na brashi ya meno yanatosha. Hata gundi ya kuzuia skrubu kulegea iache kwa chuma na chuma tu. Ikigusa plastiki ya ABS inaipasua.

Halina uhai kabisa

Ligawe gari katikati. Weka chesisi juu ya kopo matairi yaning'inie, chomoa mota, uiguse moja kwa moja kwenye betri kwa sekunde moja. Ikizunguka, tatizo liko kati ya betri na mota, na umeshaokoa fedha za mota. Isipozunguka, ipigepige kidogo kwa mpini wa bisibisi na ujaribu tena. Kaboni zilizoganda kwa miaka mingi wakati mwingine huachia kwa kubishiwa hodi.

Betri ya zamani ya nikeli-kadmiamu usiihesabu. Hata ikionyesha volti 7 kwenye testa, ipime ikiwa na mzigo: mota ikiwashwa na volti zikaanguka chini ya 6, imekwisha. Kisha angalia plagi nyeupe ya betri. Plastiki yake ikiwa imegeuka kahawia, vipini vya ndani vimelegea na vimekuwa vikipika. Mimi huikata na kuweka plagi ya XT60, gari langu na betri zote, nikaachana na jambo hilo.

Kwenye kikasha cha betri ndogo nne za risiva (kipokea-mawimbi kilichomo ndani ya gari) utakuta unga mweupe au wa kijani. Hiyo ni betri ya alkali iliyovuja. Pamba yenye siki au maji ya ndimu inautoa. Malizia kwa spiriti. Halafu menya waya kidogo uone ndani. Shaba ikiwa nyeusi, lehemu haitashika hata ufanyeje. Kata urudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita 5.

Linakwenda kwa kasi moja tu, au linakukimbia

Hili ni la wale ambao bado wana spidikontrola (kidhibiti kasi) ya zamani, ile ambayo sevo inasukuma mkono wa shaba juu ya kibao chenye vituo vya kasi. Kasi za chini zinapatikana kwa kupitisha umeme kwenye rezista ya kauri iliyofungwa mahali penye upepo. Kwa hiyo dalili zake zinasomeka vizuri. Gari likigoma kasi ya chini kisha likachomoka ghafla ukibana mpaka mwisho, rezista imekatika au waya wake umeachia. Likienda polepole vizuri lakini kasi kubwa haipo, kituo cha mwisho kimeungua. Kipake spiriti, kisugue kwa kifutio cha penseli, usikwangue kwa sandpepa kavu maana utakiachia mikwaruzo itakayokamata cheche zaidi.

Rezista hiyo huwa ya moto kweli. Ikigusa bodi, bodi inayeyuka. Ikigusa kidole, utalikumbuka jina la mtengenezaji.

Hatari kubwa ya mfumo huu ni kwamba sevo ikikosa umeme hubaki pale ilipo. Ukiwa umebana kasi kubwa na betri za risiva zikafa, gari haliji kusimama. Linakwenda mpaka likutane na kitu. La kwangu lilikutana na mtaro wa maji ya mvua, kwa sababu nilikuwa nimetia betri nne nilizozitoa kwenye tochi iliyofifia. Spidikontrola ya kielektroniki inayokata umeme mawimbi yakipotea ni badiliko la kwanza ninalolishauri, hata kwa anayetaka kila kitu kibaki cha asili. Ile ya zamani itie kwenye mfuko, iandike jina, iweke.

Linatetemeka, linageuka lenyewe

Rimoti za zamani za megahezi 27 zilikuwa na kristali zenye rangi: kahawia ni 26.995, nyekundu 27.045, njano 27.145, buluu 27.255. Kristali ya rimoti na ya risiva lazima ziwe za rangi moja, na usizibadilishane nafasi. Waya wa antena wa risiva usiukate wala kuukunja kuwa kifurushi.

Antena ikiwa nzima na tetemeko linatokea mota inapovuta tu, geukia mota. Kila mota ya 540 (namba ya ukubwa wa mota) yenye kaboni inahitaji kapasita ndogo za mikrofaradi 0.1, zile zilizoandikwa 104: moja kati ya vipini viwili, na moja kutoka kila kipini hadi kwenye ganda. Za zamani huwa zimevunjika miguu bila mtu kuona.

Ukihamia rimoti ya gigahezi 2.4 mambo ya kristali yanaisha, lakini linakuja lingine. Risiva hizi zikikosa volti hata kwa sekunde ndogo huzimika na kuwaka upya. Gari linakata kona huku ukibana kasi, ghafla linakufa, halafu linaamka. Watu wanarudisha risiva dukani. Mwizi ni sevo mpya yenye nguvu inayokula umeme kuliko spidikontrola inavyoweza kuitolea. Dawa ni kifaa cha pembeni cha kushusha volti hadi 5 au 6, kinacholisha sevo na risiva peke yake.

Mota inalia, matairi hayaendi

Hapa ndipo ukae chini na chai. Zima kila kitu, shika tairi moja la nyuma lisizunguke, zungusha la pili kwa mkono, sikiliza. Kisha toa mota na urudie.

Kwenye Blackfoot na Monster Beetle za mwanzo anza na shafti za magurudumu. Giaboksi ya magari haya mawili ni ya Frog, bagi (gari la mchangani) dogo jepesi la mwaka 1983. Shafti zake zina vichwa vya pembe sita vinavyokaa ndani ya vikombe vya pembe sita. Kwa matairi madogo ya Frog zilivumilia. Zikafungwa matairi makubwa mara mbili hivi, na kila ukibana, tairi linang'ang'ania ardhi huku shafti ikisokotwa. Pembe sita zinakuwa duara. Sauti yake ni tak-tak-tak ukianza kuondoka au kupanda, inayopotea gari likishashika mwendo. Watu huifungua giaboksi, wanakuta gia nzima kabisa, wanaifunga, wanashangaa.

Kubadilisha shafti peke yake ni kununua wiki chache, kwani kikombe kilichopanuka kitaila mpya vilevile. Badilisha vyote viwili, pande zote mbili. Matoleo mapya ya ukoo huu (Monster Beetle ilirudi mwaka 2015, Blackfoot mwaka 2016) yalikuja na shafti za pini badala ya pembe sita, na hizo ndizo za kutafuta kwa gari litakalokimbia.

Sauti ikiwa ni ya kusaga, mfululizo, fungua gia. Chota grisi kwa kidole. Ikiwa ya kijivu inayometameta, pinioni (gia ndogo iliyofungwa kwenye mhimili wa mota) ya alumini imekuwa ikijisaga, na unga wake umechanganyika na grisi ukawa kama sandpepa ya maji. Osha kila kitu, weka pinioni ya chuma cha pua au chuma kigumu, na grisi kidogo tu. Grisi nyingi haisaidii meno, inakusanya mchanga. Na hesabu meno ya pinioni uliyoitoa kabla ya kununua: kwenye mengi ya madubwana haya matundu ya mota yametobolewa kwa ukubwa maalumu, hayasogei. Ukizidisha jino moja bila tundu lake, gia zinabanana, ukipunguza, zinarukana.

Ikiwa mota inalia laini kabisa, bila kelele yoyote ya gia, skrubu ndogo ya pinioni imelegea na mhimili unazunguka peke yake. Ni dakika mbili. Anza na hilo kila mara, hata kama una uhakika sio hilo.

Na kama tairi moja tu linazunguka, hasa gari likiinama upande, hujapata ugonjwa: difu inafanya kazi yake, inapeleka nguvu kwa asiye na mzigo. Kwenye Clod Buster wengi huzifunga difu ili ekseli nzima ivute. Fanya hivyo kama unapanda mawe. Kwa kukimbia uwanjani utajuta, maana gari litakataa kona, na shafti zitabeba kile ambacho difu ilikuwa inakiachia.

Mota zinachemka

Ukishindwa kuweka kidole kwenye ganda la mota kwa sekunde 5, simama. Usinunue feni bado.

Toa mota na zungusha gia kwa kidole. Zinapaswa kuzunguka na kuendelea kidogo zenyewe. Zikiwa nzito, kuna mambo mawili. La kwanza ni grisi ya zamani iliyogeuka nta. La pili ni bushi za plastiki ambazo magari haya yalikuja nazo mahali pa beringi. Zikiingia vumbi zinaliwa, mhimili unacheza, gia zinakaa mshazari, na mota inalipia yote hayo. Beringi za kweli ni badiliko la bei ndogo kuliko yote na lenye faida kuliko yote. Nyingi ni za milimita 11 kwa 5 kwa 4, lakini pima kila moja kwa venia kabla ya kuagiza. Nimeona watu wakitia mota ya kasi kwenye bushi zilizoliwa. Bushi iliyeyuka ikashikana na mhimili, wakalalamikia mota.

Clod Buster ina lake. Hili lina mota mbili za 540, moja kwenye kila ekseli, zimeunganishwa sambamba. Moja ikiwa ya moto sana na nyingine vuguvugu, hazilingani: moja ni ya zamani imechoka, au ekseli moja ni nzito. Zibadilishane. Joto likihama pamoja na mota, kosa ni la mota. Likibaki kwenye ekseli ileile, fungua ekseli. Mota zibadilishwe kwa jozi, za aina moja, siku moja. Za 540 za ganda lililofungwa hazibadilishwi kaboni, na bei yake haistahili kukesha nazo.

Ekseli mbili za Clod ni mapacha, ila ya mbele imegeuzwa ikatazamana na ya nyuma. Kwa hiyo mota moja lazima iunganishwe nyaya kinyume na mwenzake. Ukikosea, gari linasimama pale pale likinguruma, mbele inavuta huku na nyuma kule, na mota zinachemka ndani ya sekunde chache. Jaribu kila mara matairi yakiwa hewani.

Spidikontrola nayo isome vizuri. Ikiandikwa kwamba inavumilia mota ya mizunguko 12 (idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota), ni mota moja. Mbili zikiwa sambamba zinavuta ampea za wote wawili.

Halikati kona, stelingi inatangatanga

Clod Buster inageuza magurudumu yote manne, na kwa asili kazi hiyo inafanywa na sevo moja iliyokaa kwenye chesisi, ikisukuma fimbo ndefu kuelekea mbele na nyuma. Shika tairi la mbele ulitikise kushoto na kulia. Utaona linasogea kabla sevo haijahisi chochote. Uchezaji huo umegawanyika vipande vidogo: kidogo kwenye kiokoa-sevo (kipande chenye springi kinachoilinda sevo), kidogo kwenye kila kichwa cha fimbo, kidogo kwenye pini za magurudumu. Kila kimoja peke yake hakionekani. Anza na vichwa vya fimbo, kisha pini, na sevo iwe ya mwisho.

Lakini kuna dalili ambayo vipuri vipya havitaiponya: gari linajigeuza lenyewe kila likipita kwenye tuta. Ekseli inapanda na kushuka, sevo haipandi, kwa hiyo fimbo inasukuma na kuvuta magurudumu bila amri yako. Hilo ni la mchoro wenyewe. Dawa yake ni kuihamishia sevo juu ya ekseli, moja mbele na moja nyuma, ili zipande na kushuka pamoja na magurudumu. Kwa Clod hakuna badiliko linaloonekana zaidi ya hili ukilishika usukani.

Sasa mtego. Ukiweka sevo mbili zinazofanana kwenye ekseli mbili zinazofanana na kuziunganisha kwa waya wa Y, gari litakwenda kama kaa, kingo-kingo, maana mbele na nyuma zitageukia upande mmoja. Sevo moja inatakiwa igeuzwe mwelekeo: ama kwa rimoti yenye chaneli ya tatu, ama kwa kuufunga mkono wa sevo ya nyuma upande wa pili wa mhimili wake. Chaneli ya tatu ni nzuri zaidi. Ukienda kasi unaweza kuizima ya nyuma, na gari linanyooka.

Linadunda, linapinduka

Lunch Box ni gari fupi, refu kwenda juu, lenye matairi ya mpira yaliyojaa hewa tu, na springi ambazo hazina oili ya kuzituliza. Linanyanyua pua ukibana na linaruka kama mpira likipita kwenye mawimbi. Wengine tunalipenda hivyo. Kama wewe humo miongoni mwetu, weka shokapu za oili nyuma, halafu ongeza ya tano iliyolazwa kati ya chesisi na giaboksi ili giaboksi isipige kichwa. Kusogeza betri kusaidia kupinduka ni kujidanganya. Upana wa magurudumu ndio unaosaidia, milimita chache kila upande.

Betri ya lithiamu imevimba

Madubwana haya yalipangwa kwa seli sita, volti 7.2. Lipo (betri ya lithiamu-polima) ya seli mbili ina volti 7.4 kwa jina na 8.4 ikijaa, na inakaa vizuri. Shida ni kwamba spidikontrola ya zamani haijui kusimama. Itanyonya seli mpaka chini ya volti 3, na betri haitarudi. Chomeka king'ora kidogo cha lipo kwenye waya wake wa mizani (ule wa kusawazisha seli), ukiweke kilie kwenye volti 3.5 kwa seli. Ikishavimba usiichaji tena, na usiitoboe kwa kitu chochote.

Nyufa

Plastiki ya zaidi ya miaka 35 inapasuka pale ilipokazwa kupita kiasi: kwenye vishikio vya bodi na kwenye masikio ya shokapu. Kwenye ufa toboa tundu dogo pale unapoishia, ili usiendelee, kisha gundisha kutoka ndani kwa kipande cha ABS. Matairi yakipasuka ubavuni hayaponi. Clod ilirudi baadaye kwa jina la Super Clod Buster na vipuri vyake vinapatikana, kwa hiyo funga matairi ya toleo jipya ya kukimbilia na uyatundike ya zamani. Bodi ya gari la mjomba ipo sebuleni ukutani, na mkwaruzo wa mtaro bado upo. Inayokimbia barabarani ni ya juzi, na sijaipaka hata rangi.